Je, mtoto anaweza kujua gitaa la umeme kwa wiki chache, kama wale wa filamuni?

"Mwalimu, habari za kazi. Naandika kutoka Morogoro. Mwanangu wa kiume ana miaka 11 na yuko darasa la tano. Tangu binamu yake alipomwonyesha filamu ya School of Rock, hana hadithi nyingine nyumbani. Ananieleza kwamba watoto wa rika lake, wasiojua lolote kuhusu roki, walifundishwa na mwalimu mmoja mcheshi, na baada ya wiki chache wakapanda jukwaani na kushinda mashindano makubwa. Sasa anataka kuacha kinanda, ambacho huu ni mwaka wa pili anajifunza kwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, na mjomba wake aliyeko Marekani ameahidi kumtumia gitaa la umeme pamoja na amplifaya. Naomba unisaidie. Je, watoto wale walipiga vyombo kweli, au ni ujanja wa filamu? Si afadhali aanze na gitaa la kawaida? Kelele zile hazitamharibia masikio? Halafu dada yangu anasema roki ni muziki wa shetani na kwamba filamu yenyewe inafundisha watoto kudharau shule. Sitaki kumvunja moyo mwanangu, lakini pia sitaki kujitafutia matatizo."

Mama, nakushukuru kwa barua yenye maelezo ya kutosha, kwa sababu wazazi wengi huuliza tu kama gitaa ni zuri au baya, na swali la namna hiyo halina jibu. Nimeisoma barua yako nikaona kwamba chini ya maswali yako yote kuna hofu moja: kwamba mwanao ameahidiwa na filamu kitu ambacho nyumbani kwako hakitapatikana, na kwamba akikikosa atakata tamaa, na pengine kukulaumu wewe. Hofu hiyo ina msingi. Ushauri wangu ni kwamba umruhusu kupokea gitaa, lakini kabla halijafika umweleze ukweli kuhusu muda, maana hapo ndipo filamu ile ilipomdanganya.

Tuanze na filamu yenyewe. Ilitoka nchini Marekani mwaka 2003, ikaongozwa na Richard Linklater, na mswada wake uliandikwa na Mike White, ambaye pia anaigiza ndani yake kama Ned Schneebly. Mhusika mkuu, Dewey Finn, anayeigizwa na Jack Black, ni mpiga gitaa aliyefukuzwa na bendi yake na anayedaiwa pango la nyumba. Siku moja anapokea simu iliyomlenga Ned, rafiki anayeishi naye, anajifanya ndiye yeye, na kuingia katika shule ya gharama kubwa iitwayo Horace Green kama mwalimu wa muda. Anapowasikia wanafunzi wake wakipiga muziki wa klasiki, anaamua kuwageuza kuwa bendi ya roki ili aingie nao kwenye mashindano ya bendi.

Swali lako la kwanza lina jibu la kufurahisha: watoto wale walipiga kweli. Waandaaji waliamua kutafuta watoto wanamuziki na kuwafundisha kuigiza, badala ya kuchukua waigizaji wadogo na kuwafundisha kushika vyombo. Kevin Clark, aliyepiga drams, alikuwa mpiga drams kabla hajawahi kuigiza mahali popote. Robert Tsai, aliyekaa kwenye kinanda, alikuwa amelelewa katika piano ya klasiki. Rebecca Brown, aliyeshika gitaa la besi, alikuwa mpigaji wa gitaa la klasiki tangu utotoni, na Joey Gaydos Jr. alikuwa mpiga gitaa la umeme hodari kabla kamera haijawashwa. Juu ya hayo, walipewa mwanamuziki mzoefu, Jim O'Rourke, awe mshauri wao wa muziki. Miaka kumi na miwili baadaye hadithi hiyo iligeuzwa kuwa mchezo wa jukwaani huko Broadway, New York, kwa muziki wa Andrew Lloyd Webber, na huko nako watoto walipiga vyombo wenyewe mbele ya watazamaji, onyesho baada ya onyesho, bila nafasi ya kurekodi upya pale walipokosea. Kwa hiyo usimwambie mwanao kwamba ni ujanja wa filamu. Si kweli, naye akija kugundua, hatakuamini katika yale mengine ambayo ni muhimu zaidi.

Lakini unaona jambo lililofichika hapo. Wiki chache za kwenye hadithi zimesimama juu ya miaka mingi ya mazoezi ya watoto wenyewe. Na si nje ya hadithi tu, hata ndani yake ni hivyo hivyo. Mwombe mwanao atazame tena ile sehemu ya mwanzo, Dewey anapowachungulia wanafunzi wakiwa katika kipindi cha muziki. Zack tayari anapiga gitaa la klasiki, Lawrence anapiga piano, Katie anapiga chelo, na Freddy yuko upande wa vyombo vya kugongwa. Dewey hamfundishi Katie muziki kuanzia sifuri. Anamwonyesha tu kwamba vidole vilivyozoea chelo vinaweza kuhamia kwenye besi. Mwalimu yule wa bandia alirithi kazi ya walimu wengine waliokuwa wamekaa na watoto wale kwa uvumilivu wakiwafundisha mapigo, sauti na usomaji wa noti, na filamu haiwatendei haki walimu hao. Hilo ndilo dosari ninayoiona kubwa katika filamu ninayoipenda sana.

Kuna kosa jingine katika maelezo ya mwanao, nalo ni la heri. Watoto wale hawakushinda. Zawadi ilikwenda kwa bendi ile ile iliyomfukuza Dewey, na wao wakarudi jukwaani kwa sababu watazamaji waliwaita. Watu wengi walioiona filamu zamani hukumbuka kwamba walishinda, pengine kwa sababu furaha ya mwisho ni kubwa kuliko ya washindi. Zungumza naye kuhusu hilo, kwa sababu mtoto anayeanza chombo akiwa na shabaha ya kushinda huchoka mapema kuliko yule anayetaka kupiga na wenzake.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani ya mtoto anapojifunza gitaa, ili uone kwa nini muda haulazimishwi. Mkono wa kushoto unatakiwa kubana nyuzi mahali hasa panapohusika, kwa nguvu ya kutosha isiyozidi, huku mkono wa kulia ukicharaza kwa mpigo usiotetereka. Mwanzoni ubongo hushughulikia kila kidole peke yake, na ndiyo maana mtoto hunyamazisha gitaa kila anapobadilisha akodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Baada ya marudio mengi, vitendo vile vidogo huungana na kuwa kitendo kimoja, kama vile mtoto anayesoma kwa silabi anavyofika siku akaliona neno zima kwa mara moja. Muungano huo hutokea polepole, na sehemu yake hutokea wakati wa usingizi, baada ya mazoezi. Ndiyo sababu dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa mbili na nusu za Jumamosi peke yake. Isitoshe, ngozi ya ncha za vidole inahitaji wiki kadhaa kukomaa. Katika wiki hizo vidole huuma, na hapo ndipo watoto wengi huacha, si kwa kukosa kipaji bali kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba maumivu hayo ni ya kawaida na yatapita.

Kwa uzoefu wangu wa kufundisha watoto, mtoto wa miaka 11 aliye makini anaweza, katika wiki chache za kwanza, kupiga mlio mfupi unaojirudia kwenye uzi mmoja au miwili na kushika akodi mbili au tatu kwa kusitasita. Baada ya miezi mitatu hadi sita anaweza kuusindikiza wimbo mwepesi kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Kupiga jukwaani kwa namna ile aliyoiona kunahitaji miaka. Mwambie hivyo waziwazi kabla mzigo haujafika. Mtoto aliyeambiwa miaka akafanikiwa kidogo katika miezi hufurahi, na yule aliyeambiwa wiki huona ameshindwa ingawa ameendelea vizuri.

Je, hii ina maana kwamba watoto wasio na msingi hawawezi kufanya muziki wa maana haraka? Hapana, na hapa ningependa ujue habari ya kweli ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ilichangia wazo la filamu hii. Katika miaka ya 1970, huko Langley katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, mwalimu Hans Fenger alikuwa akifundisha muziki katika shule za msingi za eneo la mashambani. Watoto wake hawakuwa wamechaguliwa kwa vipaji. Aliwapa nyimbo walizozisikia redioni, yeye akashika gitaa, wao wakapiga ngoma na vyombo vya kugonga na kuimba kwa sauti ya kundi zima. Mwaka 1976 na 1977 aliwarekodi ndani ya ukumbi wa michezo wa shule, na sahani za santuri zikatengenezwa kwa ajili ya familia zao. Mwaka 2001 rekodi hizo zilitolewa upya na kuusisimua ulimwengu wa wapenda muziki. Ukisikiliza, utasikia sauti zinazopishana na mapigo yanayoyumba, lakini utasikia pia watoto waliojitoa kikamilifu katika wanachokifanya. Watoto wa Langley walifika haraka kwa sababu kila mmoja alibeba jambo dogo analoliweza, na ukubwa wa muziki ukatokana na wingi wao.

Hapo ndipo naiona kweli ya filamu, na naomba usiipoteze katika tahadhari zote ninazokupa. Dewey, pamoja na udanganyifu wake, hamwachi mtoto hata mmoja bila kazi. Summer, ambaye hapigi chombo, anakuwa meneja. Wengine wanashika taa, wengine ulinzi, mwingine mavazi. Lawrence, anayejiona hafai kuwa katika kundi la watu wenye sifa, anapewa nafasi kwenye kinanda. Tomika, mwenye sauti nzuri lakini anayeogopa kuchekwa kwa unene wake, anakumbushwa juu ya Aretha Franklin, mwanamke mnene ambaye watu walimheshimu kwa sauti yake. Mtoto hudumu katika muziki pale anapojua kwamba asipofika mazoezini wenzake watapungukiwa. Ukimpa mwanao gitaa na kumfungia nalo chumbani, hata liwe zuri namna gani, uwezekano ni mkubwa kwamba litaishia juu ya kabati.

Kuhusu kuanza na gitaa la kawaida, wengi wetu tuliambiwa kwamba ni lazima mtu ateseke na gitaa la kawaida ndipo astahili la umeme. Sikubaliani na hilo. Gitaa la kawaida lenye nyuzi za chuma lina nyuzi nene na zilizokaza, na kwa vidole vya mtoto ndilo gumu kuliko yote. La nyuzi za nailoni ni laini, lakini shingo yake ni pana, na kiganja kidogo hupata shida kulizunguka. Gitaa la umeme lina shingo nyembamba na nyuzi laini: uzi wa kwanza huwa na unene wa takriban milimita 0.23, wakati ule wa gitaa la kawaida la chuma huwa takriban milimita 0.30, na tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ni kubwa sana kidoleni. Kinachofaa zaidi kuangaliwa ni muziki ambao mtoto anataka kuupiga. Mtoto anayetaka roki akipewa gitaa la nailoni ataona amepewa chakula asichokiomba. Faida ya kweli ya gitaa la kawaida ni bei, na kwamba halihitaji waya wala umeme. Kama mjomba asingejitolea, ningeweza kukushauri vingine.

Usiogope pia jina la "umeme." Gitaa lenyewe halichomekwi ukutani. Chini ya nyuzi kuna sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba sana, na uzi wa chuma unapotetemeka juu yake huzalisha mkondo hafifu wa umeme, ambao hupelekwa kwenye amplifaya ili ukuzwe. Bila amplifaya, gitaa hilo halina tumbo la kukuzia sauti, hivyo hutoa mlio mdogo kuliko gitaa la kawaida. Mwanao anaweza kufanya mazoezi yake mengi sebuleni bila kuchomeka chochote, na jirani asijue. Angekuwa ametaka drams, barua yangu kwako ingekuwa na maonyo mengi zaidi.

Hatari ya umeme iko kwenye amplifaya, na hapa naomba umwandikie mjomba kabla hajanunua. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, wetu ni volti 230. Amplifaya iliyotengenezwa kwa volti 120 peke yake ikichomekwa moja kwa moja Morogoro itaungua, na inaweza kuleta moto. Mwombe atafute inayotumia betri, au ile yenye adapta iliyoandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240. Ikibidi kutumia ya volti 120, mtahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi mahitaji ya amplifaya, ambayo huwa nzito na ya gharama, na kwa mtoto anayeanza sioni sababu ya kubeba mzigo huo. Hakikisheni pia soketi ina waya wa ardhi unaofanya kazi, kwa kuwa mikono ya mpigaji hugusa chuma muda wote. Mwanao akihisi hata mtekenyo mdogo wa umeme kwenye nyuzi, zimeni, chomoeni, na msirudishe mpaka fundi umeme aangalie. Kuhusu gitaa, kwa umri wake lifaalo ni lenye nyuzi fupi, sentimita 57 hadi 61 kati ya ncha mbili zinaposhikiliwa, badala ya 63 hadi 65 za gitaa la mtu mzima. Kama mwanao ni mrefu kwa umri wake, la mtu mzima nalo litamfaa, mradi lisiwe zito.

Masikio yanastahili maelezo marefu kidogo. Ndani ya sikio kuna kiungo chenye umbo la konokono, kilichojaa majimaji, na ndani yake zimepangwa chembe hai zenye vinyweleo vidogo sana. Kila sikio lina chembe hizo zipatazo 15,000. Sauti inapoingia, majimaji hutikisika, vinyweleo huinama, na chembe hutuma taarifa kwenye ubongo. Sauti ikiwa kubwa mno, au ikidumu mno, chembe hizo huchoka, kisha hufa, na kwa binadamu hazioti tena. Ndiyo maana uharibifu wa kelele hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Kumbuka kwamba sikio halijui tofauti kati ya roki na kwaya; linajua ukubwa wa sauti na muda. Kipimo kinachotumiwa sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15 tu. Hicho ni kipimo cha watu wazima. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani hushauri wasikilize kwa wastani wa desibeli 75, si zaidi ya saa 40 kwa wiki.

Kwa vitendo, ikiwa mwanao anapiga na wewe ukiwa mita moja kutoka kwake unalazimika kupaza sauti ili akusikie, sauti imezidi. Zipo programu za simu zisizolipiwa zinazopima desibeli, na ingawa si sahihi kabisa, zinatosha kukupa picha. Jambo ambalo wazazi hulisahau ni hedifoni. Amplifaya nyingi ndogo zina tundu la hedifoni, na mzazi hufurahia ukimya wa nyumba bila kujua kwamba mtoto amejifungulia sauti kubwa ndani ya masikio yake. Kama atazitumia, weka wewe kiwango cha sauti, uweke alama kwenye kitufe, na asiivuke. Akienda kwenye mazoezi yenye drams, avae vizibo vya masikioni vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, pamba haitoshi. Na kwa kuwa umeniambia anaenda kanisani, angalia pia anakaa umbali gani na spika za huko, kwa sababu ninachokisikia katika baadhi ya makanisa na kumbi za harusi kinanitia wasiwasi zaidi kuliko gitaa la mtoto sebuleni.

Nije kwa dada yako, ambaye nadhani anasema anayoyasema kwa upendo. Mmoja wa watu wa kwanza walioutambulisha mlio wa gitaa la umeme ambao baadaye ungeitwa roki alikuwa mwanamke wa kanisani. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, Arkansas, mama yake akiwa mwimbaji na mhubiri katika kanisa la Church of God in Christ, na tangu akiwa mtoto alikuwa akipiga gitaa na kuimba katika ibada. Nyimbo zake za injili, zikisindikizwa na gitaa la umeme lenye makali, zilisikilizwa na vijana waliokuja kuwa majina makubwa ya roki. Mwaka 1947, huko Macon, Georgia, alimkaribisha jukwaani kijana mdogo aliyekuja kujulikana kama Little Richard. Wala gitaa la umeme si mgeni Morogoro, mji ambao Mbaraka Mwinshehe alilipiga akiwa na Morogoro Jazz, watu wakacheza nchi nzima. Sisemi kwamba kila wimbo wa roki unafaa kwa mtoto. Ipo yenye maneno ya matusi, na ipo inayosifu ulevi, na mzazi ana haki na wajibu wa kuchagua, kama anavyopaswa kuchagua katika bongo fleva au muziki mwingine wowote. Ila kinachochujwa ni maneno na mwenendo. Chombo hakina kosa.

Kuhusu filamu na shule, hapo dada yako yuko karibu na ukweli. Nchini Marekani filamu hii iliwekwa katika daraja la PG-13, yaani wazazi wanatahadharishwa kwamba baadhi ya mambo huenda yasifae kwa walio chini ya miaka 13, kwa sababu ya utani usio na adabu na kutajwa kwa dawa za kulevya. Dewey anaiba jina la mtu, anawafundisha watoto kuwaficha wazazi wao, na watoto wanadaiwa kuwa wagonjwa mahututi ili waruhusiwe kushiriki mashindano. Hayo yamewekwa kama vichekesho, na mtoto wa miaka 11 hucheka bila kuyapima. Sikushauri umkataze, kwa kuwa ameshaiona. Kaa naye muitazame pamoja, na ule wakati ukweli unapofichuka, umwulize watoto wale walijisikiaje kujua kwamba mwalimu waliyempenda aliwadanganya. Filamu yenyewe haiukwepi uchungu huo. Mwulize pia kuhusu baba yake Zack, anayemkataza mwanawe gitaa kwa ukali, kisha usikilize atakachosema. Inawezekana kuna jambo analotaka kukuambia wewe.

Nikuonye upande wa pili vilevile. Kuna watakaokuambia kwamba muziki huongeza akili na utampandisha mwanao katika hisabati. Tafiti zilizofanywa kwa uangalifu zaidi zimeonyesha athari ndogo sana, kama ipo. Muziki unatosha kuwa sababu yake wenyewe, na usimfanye mtoto alipie gitaa kwa alama za darasani ambazo gitaa haliwezi kumletea. Kinachowezekana ni utaratibu wa kawaida wa nyumbani, kwamba kazi za shule hutangulia, kisha gitaa, kwa muda unaojulikana.

Kinanda asikiache, angalau kwa mwaka mmoja. Miaka yake miwili pale ndiyo mtaji ambao watoto wa filamuni walikuwa nao: anajua mapigo, anatambua sauti inapopanda na kushuka, na bila shaka ameshakutana na akodi tatu zinazobeba nyimbo nyingi za kanisani, ambazo ndizo zinazobeba nyimbo nyingi za roki. Punguza siku za kinanda ziwe chache, ili asielemewe. Ikiwa baada ya mwaka bado anataka kimoja tu, mwache achague, hata kama atakachokiacha ni kile unachokipenda wewe.

Kwa mambo mengine hutasaidiwa na maandishi yangu. Mkao wa mkono unahitaji jicho la mtu aliye karibu. Kama kwaya yenu ina mpiga solo, mwombe amkague mwanao mara moja kila wiki au mbili, hasa kifundo cha mkono wa kushoto, ambacho watoto hukikunja mno. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida. Maumivu ya kifundo, ganzi au mchomo unaopanda hadi kwenye kiwiko si ya kawaida, na yakitokea aache kupiga na aonwe na daktari. Nyuzi zikiwa juu sana kiasi cha kumshinda kuzibana, mpelekee gitaa fundi azishushe kabla hujaamua kwamba mtoto ni mvivu. Masikio yakimvuma au akasikia kama yameziba baada ya kelele, na hali hiyo isipoisha ndani ya siku moja, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na ikiwa atapoteza usikivu ghafla, hata katika sikio moja, asisubiri kesho. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu katika hali ya namna hiyo matibabu yanayoanza mapema ndiyo yenye matumaini.